Msomaji wa Tatu

Ninyi mnaoandika kwenye simu, mkimaliza mnabonyeza pale pa kutuma, halafu mnakaa mkiikodolea macho ile namba ndogo ya wasomaji kama mtu anayesubiri maziwa yachemke, mimi nawajua. Nimewatazama miaka mingi kutoka upande wa pili wa kioo. Ile namba naijua kuliko mnavyoijua, na ndiyo sababu nimeamua kuandika haya kabla sijazeeka zaidi nikaanza kujitetea.

Naitwa Beatrice. Kazi yangu ilikuwa kupanga maandishi ya watu. Sikuwa mwandishi wala mhariri, ingawa kanisani kwetu Rongo walinitambulisha kama mhariri kwa sababu lilisikika zito zaidi. Tulikuwa na jukwaa la kusomea mtandaoni: hadithi, mashauri ya kilimo, mapishi, mahubiri, mashairi ya mapenzi ya kuloanisha mto. Mtu anaandika akiwa Awendo, mwingine anasoma akiwa Mombasa, na katikati yao kuna programu inayoamua kazi ipi iende kwa nani. Ninyi mnaiita algoriti. Sisi tuliiita Karani, kwa maana ilifanya kazi kama makarani niliowajua tangu utotoni: anatazama bahasha, anagonga muhuri, barua yenyewe haifungui.

Wacha niwaeleze Karani anavyofanya, huenda ikawafaa. Kazi yako ikiingia, anatazama kichwa na sentensi za mwanzo, akitafuta maneno anayoyajua. Anabandika lebo: Kilimo, Familia, Dini, Burudani. Kisha anawapelekea watu wachache wa kujaribia, wale ambao hupenda lebo hiyo. Wakikaa wakasoma hadi chini, anaongeza wengine. Wakifungua na kutoka, anaiacha papo hapo, na hakuna atakayekuja kukwambia kwa nini. Kwa hiyo msianze kwa kuzungukazunguka. Kama unaandika juu ya mahindi, mahindi yaonekane kabla msomaji hajasogeza kidole. Zile salamu za natumaini mu wazima kama nilivyo mimi, Karani akiziona anadhani ni barua ya uchumba na kuipeleka kwa wasichana.

Ofisi yetu ya kwanza ilikuwa Suna, chumba cha juu, chini yake duka la magodoro. Tulikuwa watano. Karani akibandika lebo, sisi tunasoma na kusahihisha, naye anajifunza kutokana na masahihisho yetu. Alikuwa mwanafunzi mwepesi wa kushika na mgumu wa kuelewa. Kuna mkulima alituma makala ya kutunza nyanya wakati wa baridi. Karani akaona nyanya, akaona matunzo, akaona baridi, akayapeleka Familia, pale pa kuwaangalia wazee. Asubuhi hiyo watu wenye bibi zao nyumbani wakaletewa ushauri kwamba nyanya ikianza kuoza upande mmoja itupwe mbali haraka isiambukize nyingine. Mama mmoja alipiga simu kutoka Kisii akifoka, "Nyinyi ni watu aina gani? Nyanya yangu ako na miaka tisini, halafu mnaniambia nimtupe?" Tulicheka mpaka mwenye magodoro akapanda ngazi kuuliza kuna nini.

Huyo mwenye magodoro alikuwa kaka yake Bwana Swaleh, mkubwa wetu wa kazi, mtu wa Lamu aliyefuata biashara ya ndugu yake Migori akaishia kusomesha Waluo na Wakuria Kiswahili. Ukisema hiyo kitabu, anakohoa. Ukisema watoto zangu, anavua miwani. Lakini alikuwa mwalimu. Siku yangu ya kwanza nilimaliza rundo langu lote kabla ya chakula cha mchana, nikamwendea kifua mbele. Akachukua barua moja pale juu akaniuliza, "Huyu mwandishi, mwisho wa barua yake ataka nini?"

Sikujua.

"Basi hukusoma, bibie. Umetazama. Kutazama hata Karani ajua." Akanirudishia rundo zima. "Soma hadi nukta ya mwisho, ndipo ubandike."

Lile neno tanzia ni yeye aliyetuletea. Sisi tungeandika Matanga, au Vifo tu. Akakataa, akasema habari ya kifo ina jina lake na jina lake ni tanzia, tulitumie. Tukalitumia. Shida ni kwamba Karani hakuwahi kulisikia. Alikuwa na kifaa cha kusahihisha herufi, na alipoona Tanzia alidhani tumeruka herufi mbili, akasoma Tanzania. Kwa wiki nzima kila aliyekufa kuanzia Ndhiwa hadi Kehancha alitangazwa ng'ambo ya mpaka, na majirani zake hapa hawana habari. Watu wa Tarime na Musoma wakatuandikia kwa ile adabu yao: samahani sana ndugu zetu, poleni kwa misiba, lakini mbona ni mingi namna hii?

Mimi ndiye niliyelitengeneza hilo. Niliandika kanuni: kazi yoyote yenye maneno ya msiba pale mwanzoni, marehemu, jeneza, kaburi, mazishi, buru, ihesabiwe kuwa tanzia. Isivuke mpaka. Ionyeshwe kwenye kaunti ya mwandishi na zile za jirani, na baada ya siku kumi na nne ifungwe, kwa kuwa mtu akishazikwa tangazo ni la nini tena. Neno buru nililiongeza kwa fahari. Kwetu Waluo ni ile siku ya kutoka na ng'ombe na fimbo na makelele kukifukuza kifo kitoke bomani. Niliona nimeiletea lugha yetu heshima. Kesho yake kila kitu cha Burudani kikafungiwa pamoja na maiti, maana Karani aliona herufi nne za kwanza akatosheka. Tulirekebisha hilo. Kanuni yenyewe ikabaki, malalamiko yakaisha, na wakubwa wa Nairobi wakaniandikia barua pepe ya pongezi. Niliichapisha nikaibandika ukutani.

Bwana Swaleh pekee ndiye hakupiga makofi. "Na yule aandikaye juu ya kifo, lakini hatangazi kifo?" aliniuliza.

"Hao ni wachache, Bwana Swaleh."

"Basi hao wachache uwasome wewe mwenyewe. Waniahidi?"

Nikamwahidi. Mwaka uliofuata macho yake yalianza kufifia, akarudi Lamu. Ofisi ikahamishiwa Homa Bay, chumba chenye dirisha linaloingiza harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na tukabaki wawili, kwa sababu Karani sasa alikuwa amekomaa. Kazi yetu ikawa kufungua kila andiko la jimbo letu, kuona lebo aliyoichagua, kubonyeza sawa, kwenda linalofuata. Kisha yule mwenzangu naye akaachishwa. Sikufanya kiburi wala ubaya wowote wa kusimulia. Nilichoka tu, nikawa natazama.

Min Lilian alikuja ofisini mchana mmoja, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, simu ameifunga ndani ya kitambaa. Alikuwa fundi cherehani pale Rodi Kopany. Min Lilian kwa Kijaluo ni mama yake Lilian, na ndilo alilotumia kwenye jukwaa letu.

"Madam, ni wewe unapanga hizi story za watu?"

"Ni mimi, mama. Karibu, kaa."

"Mimi naandikia msichana yangu barua huku ndani. Kila Jumapili nikitoka kanisa. Nataka kujua kama zinafika."

Akanieleza, bila kulia, kama mtu anayeeleza kipimo cha nguo. Lilian alimpenda kijana wa Kikuria. Baba yake akasimama mlangoni akamwambia akiondoka na huyo, asikanyage boma lile tena. Akaondoka. Namba ya simu akaibadilisha. Wengine walisema yuko Nairobi, wengine Nakuru. Miaka ikapita, mzee akafa, na sasa mama alitaka mtoto ajue kwamba lile neno la mlangoni limekwisha. Kwa nini jukwaa letu? Kwa sababu Lilian alipokuwa msichana nyumbani alikuwa akilisoma kutwa, akimsomea mama yake hadithi kwa sauti huku cherehani inalia. "Hiyo tabia hawezi acha," mama alisema. "Popote ako, anasoma."

Nikafungua ukurasa wake. Barua zilikuwa nyingi, na chini ya kila moja namba ilikuwa ile ile. Wasomaji watatu.

"Hata mimi naonanga hiyo tatu," alisema, akivuta kiti karibu. "Wa kwanza ni mimi, sindio? Nikifungua inanihesabu."

"Ndiyo, mama."

"Na wa pili?"

"Wa pili ni mimi hapa. Lazima nifungue kila kitu."

"Basi wa tatu ni Lilian." Akacheka, akapangusa macho kwa ncha ya ule utepe. "Anasoma, na ananyamaza. Hiyo hasira ni ya baba yake kabisa."

Vijana, msomaji wa tatu namjua. Kuna programu ya ukaguzi kule Nairobi ambayo hufungua kila andiko mara moja kuangalia kama lina matusi, na kwa kuwa hakuna aliyejisumbua kuiondoa kwenye hesabu, inahesabiwa kama mtu. Ninyi nyote imewasoma. Nilijua hivyo siku ile, na nilimtazama yule mama uso ulivyomnawiri, nikanyamaza. Nilijiambia ni huruma. Sasa naona ilikuwa ni uvivu wa moyo, kwa sababu ukweli ungenilazimu niinuke nitafute tatizo liko wapi.

Badala yake nikampa ushauri, kama bingwa. Nikamwambia, mama, jaribu kuchangamsha kidogo, watu hawapendi huzuni nyingi.

Akanitazama kwa mshangao. "Lakini mimi siandikii watu."

Lebo ilikuwa pale pale pembeni mwa kila barua, kwa herufi za kijivu: Tanzia. Niliiona. Nimejiuliza mara nyingi kama niliiona, na jibu ni kwamba niliiona, na haikuniambia kitu. Nilikuwa nimeliandika neno hilo mara nyingi mno.

Akiwa mlangoni alinisimulia kwamba dada yake alimshauri waende kwenye redio ya Kijaluo wamtangaze Lilian, kwa kuwa redio husikika mbali. Alikuwa amekuja kwangu kwanza, aone kama kuna haja. "Sasa redio ni ya nini na anasoma?" alisema. "Akipoa hasira atakuja."

Barua ziliendelea. Jumapili anatuma, Jumatatu nafungua, nabonyeza sawa. Kisha zikakoma. Ningependa kuwaambia kwamba nilishtuka, nikapiga simu, nikauliza. Sikugundua hata zilipokoma.

Nilikuwa nimebakiza wiki mbili nistaafu, keki imeshaagizwa, alipoingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele zimesukwa vizuri, amevaa kitenge.

"Shikamoo, Auntie."

Huku kwetu hatusalimiani hivyo. Nikajua huyu ametoka ng'ambo, na nikajibu marahaba kwa kuchelewa kidogo.

"Mimi naitwa Lilian. Mama yangu alikuwa fundi wa nguo pale Rodi. Wamesema aliwahi kuja kwako."

Alikuwa. Neno hilo nililisikia kabla ya mengine. Lilian alikuwa akisuka nywele Tarime, miaka yote hiyo, mwendo wa asubuhi tu kutoka kwao. Mwanamke wa Rodi aliyevuka kwenda kununua vitenge aliketi kwenye kiti chake cha saluni, akamtambua kwenye kioo, akampa pole. Mama alikuwa ameshazikwa wiki tatu nyuma. Presha, walisema. Alipofika nyumbani, mama yake mdogo alikataa kumpa mkono.

"Ananiambia nilikuwa nasoma barua za mama na nikanyamaza," Lilian alisema. "Barua zipi, Auntie? Mimi kwenye jukwaa lenu niko kila siku. Nikikosa mteja nasoma. Linaniletea mapishi, mambo ya familia na hadithi za mapenzi. Barua ya mama haijawahi kuniletea hata moja. Mimi nilijua mama hata kuandika ujumbe ni shida."

Nikaifungua ile ya kwanza. Lilian aligeuza uso dirishani, akasema asingeweza kusoma kwenye kioo cha mtu mwingine. Nikasoma mimi, kimya kimya, hadi nukta ya mwisho, kwa mara ya kwanza.

"Lilian, baba yako tumemzika Alhamisi. Kaburi iko karibu na ule mparachichi. Buru imetoka na ng'ombe zimerudi. Ile maneno alisema kwa mlango imeenda na yeye. Mimi mlango sifungi. Kuja na huyo Mkuria wako, na watoto kama Mungu amewapea. Kuja."

Kaburi. Buru. Kulikuwa na maneno yangu mawili katika mistari mitatu, na yalitosha. Karani alifanya kama nilivyomfundisha: akaifungia upande huu wa mpaka, kwa watu wasiofungua tanzia isiyo yao, siku kumi na nne, kisha akaifunga hata ukiitafuta kwa jina usiipate. Nikafungua ya pili, ya tatu, ile ya mwisho. Zote zilianzia kaburini, kwa sababu mama alianza kila barua kwa kumweleza mtoto hali ya kaburi la baba yake, majani yameota, simenti imepasuka. Na zote zilimalizika kwa neno moja. Lile swali la Bwana Swaleh, mwisho wa barua anataka nini, mtoto wa darasa la pili angelijibu.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki, na bado kinaniuma. Kama ningeliacha lile kosa la kwanza kama lilivyokuwa, lile la Tanzia kusomwa Tanzania, barua hizo zingekwenda moja kwa moja Tarime. Mashine ilipokosea ilikuwa inaelekea kwa Lilian. Mimi ndiye niliyeisahihisha.

Nilimweleza Lilian yote. Kanuni, mpaka, zile siku kumi na nne. Nikamweleza na habari ya msomaji wa tatu, kwamba nilijua, kwamba sikusema, na habari ya redio. Nilidhani atanipigia kelele. Ningependa anipigie kelele.

Aliuliza jambo moja tu. "Kwa hiyo mama alikufa akijua nazisoma, na nimekataa kuja?"

"Ndiyo, mwanangu."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayeisikiliza sauti ya mtu mwingine. Huko nje mtu alikuwa akiuza sabuni kwa kipaza sauti. Nilibandua ukutani ile barua ya pongezi niliyohama nayo kutoka Suna, nikaitia kwenye pipa, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote, kisha nikarudi kwenye kiti na kufanya kazi niliyoajiriwa kufanya. Nikatoa lebo. Nilianza na barua ya kwanza: nikafuta Tanzia, nikaweka Familia, nikafungua mpaka, nikaondoa siku kumi na nne.

"Sasa unaweza kuitafuta kwa simu yako," nilimwambia. "Andika jina lake."

"Hapana. Nataka ije yenyewe. Kama zile nyingine zinavyokuja."

Nikamweleza kwamba Karani haamrishwi ampelekee mtu fulani. Huchagua mwenyewe watu wake wa kujaribia, na kule ng'ambo wasomaji wa Familia walikuwa wengi. Huenda ikaja leo, huenda isije kabisa. Akasema atasubiri. Akaiweka simu juu ya meza yangu, kati yetu, tukakaa tunaitazama.

Ninyi mnaijua hali hiyo. Zilikuja habari za mpira. Yalikuja mapishi ya maandazi. Ilikuja hadithi ya mapenzi, sehemu ya kumi na mbili. Kila simu ilipotetemeka Lilian aliinama, kisha akanyooka. Jua likahama kutoka meza hadi ukutani. Mlinzi akachungulia kuuliza kama nafunga, nikamwambia bado.

Ikatetemeka tena. Lilian akainama, na safari hii hakunyooka.

Sikumwangalia usoni. Niliangalia kioo changu, kwa kuwa ndiyo kazi niliyoizoea. Nilimsikia akisoma taratibu sana, kwa kunong'ona, hadi nukta ya mwisho, na pale chini ya barua ya mama yake namba ikatoka kwenye tatu ikawa nne.